Kijiji Kinapogeuka Mji Mdogo: Yanayobadilika kwa Mkazi na Kiwanja Chake

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akishaupita mji wa Kibaha, hufika Mlandizi kabla ya kuuvuka Mto Ruvu. Hapo ndipo ulipo mtambo wa Ruvu Juu, ambao kwa miaka mingi umesukuma maji kuelekea jijini. Siku hizi watu nao hutoka jijini kuyafuata maji yalikotoka. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani, na ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 2,024,947. Ongezeko hilo linazidi asilimia 80 katika miaka kumi, ilhali idadi ya Watanzania wote iliongezeka kwa asilimia 37 hivi. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, hupita katika Wilaya ya Kibaha, na huko Kwala kumejengwa bandari kavu na eneo la viwanda. Mashamba ya mikorosho na mihogo yanakatwa viwanja, na yule aliyelala mwanakijiji huamka mkazi wa mji.

Kuamka huko si kwa nyumba na maduka peke yake. Utawala nao hubadilika, na mabadiliko hayo ndiyo yasiyoonekana kwa macho.

Kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, ni chombo chenye nafsi yake kisheria: huweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa. Kina halmashauri yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na juu yao uko mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unaopaswa kukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri hiyo ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila ridhaa ya mkutano mkuu. Mtu asiyekijua kitabu hata kimoja cha sheria huweza kusimama chini ya mwembe na kuuliza kwa nini eneo la shule limekatwa kipande. Akaungwa mkono, shauri limekwama.

Eneo likitangazwa kuwa mji mdogo, kama ilivyo Mlandizi, mpangilio huo hubadilika. Mji mdogo hugawanywa katika vitongoji, si vijiji. Wenyeviti wa vitongoji hivyo ndio sehemu kubwa ya baraza la Mamlaka ya Mji Mdogo, nayo hubaki chini ya Halmashauri ya Wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji hauko tena. Mkutano wa kitongoji upo, ila hauna ile nguvu ya kuridhia au kukataa mgawo wa ardhi. Madaraka ya kupanga matumizi ya ardhi na kutoa kibali cha ujenzi yako kwa Halmashauri ya Wilaya.

Tatizo kubwa, na hapa ndipo wengi huumia, ni miaka ya katikati. Kijiji kimekwisha kulegea, mchoro wa mipango miji haujafika, na wanunuzi wamejaa. Mwenye shamba huliuza kwa miguu 20 kwa 20, wakaandikiana karatasi ya mauziano, mashahidi wakatia saini na mwenyekiti akagonga muhuri. Wote huondoka wakiamini kazi imekwisha. Lakini penye ardhi ya kijiji muhuri wa mwenyekiti peke yake si kibali. Mahakama ya Rufani ilieleza tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyoridhiwa na halmashauri ya kijiji hayana nguvu. Mwenyekiti ni mmoja tu wa wajumbe wake, na mnunuzi anayo haki ya kuomba aonyeshwe muhtasari wa kikao kilichoyaridhia mauzo hayo.

Hata pale karatasi zilipo safi, iko hesabu nyingine ambayo muuzaji haitaji. Ekari moja ni takribani mita za mraba 4,047. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Shamba la ekari moja likikatwa viwanja kumi, hubaki mita za mraba 47, eneo lisilotosha hata banda kubwa la kuku. Barabara iko wapi? Njia yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 100 huhitaji mita za mraba 600, yaani kiwanja kimoja na nusu. Mwenye shamba hakukubali kuipoteza bei ya kiwanja hicho na nusu, na mnunuzi hakuuliza, kwa kuwa siku ile alipita kwenye shamba la jirani ambalo nalo halikuwa limeuzwa bado.

Deni hilo hulipwa baadaye. Boza la maji hushindwa kuingia. Gari la zimamoto husimama mbali na nyumba inayowaka, na mama mwenye uchungu hubebwa hadi barabarani. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, huhudumia barabara zilizo katika mtandao wake, wala hauwezi kupeleka greda kwenye uchochoro kati ya kuta mbili. Bomba la maji na nguzo za umeme navyo hufuata njia. Pasipo njia, kila mkazi huvuta bomba lake kwa kuomba ruhusa ya jirani, na ruhusa hiyo hudumu kwa kadiri ujirani unavyodumu.

Tiba iliyopo kwa mitaa iliyokwisha kujengwa ni urasimishaji wa makazi. Wapimaji huchora kilichopo, wakazi hukubaliana mahali pa kupitisha njia, wakachangia gharama za upimaji, kisha kila mmoja akaweza kuomba hati. Sehemu ngumu si fedha. Ni ile siku jirani anapoambiwa arudishe ukuta wake mita mbili ili gari lipite kwenda kwa wenzake watano. Mara nyingi anayeombwa hivyo ndiye aliyejenga kwanza, na hoja yake ina uzito: yeye hakuwakaribisha hao waliokuja nyuma. Makubaliano ya namna hii hupatikana kwenye mkutano wa kitongoji, tena wenye mahudhurio. Yakishindikana na kugeuka mgogoro, Baraza la Kata, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, lina kazi ya kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa anayetarajia kununua sasa, mlango wa kwanza ni ofisi ya ardhi ya Halmashauri. Humo huulizwa kama eneo ni la kijiji au la mji mdogo, kama lina mchoro ulioidhinishwa, na kama kiwanja hakimo katika hifadhi ya barabara. Aliye karibu na barabara kuu aulize pia TANROADS, maana hifadhi ya Barabara ya Morogoro haina upana mmoja kote. Kwa aliyekwisha kujenga, hoja ya barabara huanzia kwenye mkutano wa kitongoji, ikapanda Mamlaka ya Mji Mdogo na Kamati ya Maendeleo ya Kata, hadi Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na rasimu ya bajeti huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Hoja inayofika mwezi Mei hukuta bajeti imekwisha kufungwa.