Mama amelala Katumba, mzigo wake tumeutua Nyanza-Lac

Kaburi la mama yangu liko Katumba, karibu na mji wa Mpanda, magharibi mwa Tanzania. Mimi ninaishi Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi. Kwenda huko ni kuvuka mpaka wa Mugina na Manyovu, kushuka hadi Kigoma, kisha kupanda basi la kupitia Uvinza. Kwa mchuuzi wa vitenge na dagaa kama mimi, nauli ya kwenda na kurudi inakula mtaji. Tangu turudi mwaka 2008 nimelizuru kaburi hilo mara tatu tu.

Ndugu msomaji, kama ulirudi kutoka Katumba, Mishamo, Ulyankulu, Mtabila au Lukole, hapana haja ya kukueleza zaidi. Tulirudi na mabati, sufuria na watoto. Wafu wetu tuliwaacha. Je, mtu aliyezikwa ng'ambo ya mpaka akumbukwe vipi huku nyumbani, mahali ambapo wajukuu zake hawajui hata sura yake?

Swali hilo lilinikaa moyoni miaka mingi. Mwaka 2023, ulipotimia mwaka wa 20 tangu mama afariki, nilijaribu kulijibu. Haya ninayoyasimulia ndiyo yaliyotokea, pamoja na yale ambayo hayakwenda nilivyotaka.

Ngata ya kitenge

Mama alizaliwa Nyanza-Lac. Usichana wake wote alibeba mawese kichwani kutoka kwenye michikichi ya baba yake hadi sokoni, akipanda kilima kimoja chenye kona na mwembe mkubwa. Aprili 29, 1972 machafuko yalianza Rumonge na Nyanza-Lac, yakafuatwa na mauaji makubwa nchi nzima. Mama alikimbia kwa miguu akifuata ufuo wa ziwa hadi Kigoma. Mwaka uliofuata alipelekwa Katumba, na mimi nilizaliwa huko mwaka 1974.

Katumba hakuna ziwa wala michikichi ya babu. Lakini mama hakuacha kubeba. Alibeba mihogo, alibeba kuni, alibeba mahindi ya kuuza. Kila jioni alipoingia uani alisema neno moja: "Nitueni." Nasi tulikimbia kumshika mzigo. Alikuwa akituambia kwamba shida ya mchuuzi si uzito. Shida ni kwamba njiani ukitua mzigo peke yako, hupati wa kukutwika tena. Kwa hiyo wanawake wa Nyanza-Lac walikuwa wakipanda kilima kile bila kupumzika, hata shingo ikiuma, kwa kuogopa kubaki chini ya mwembe mpaka apite mtu.

Alifariki mwaka 2003. Tulipogawana vitu vyake, kaka yangu alichukua jembe na redio. Mimi nilichukua ngata yake, ile aliyoisokota mwenyewe kwa vipande vya kitenge, ikabonyea katikati kwa uzito wa miaka. Wengine walicheka. Ngata si urithi, walisema.

Mwaka 2007 kila familia ya wakimbizi wa 1972 iliulizwa kama inataka kubaki na kuomba uraia wa Tanzania, au kurudi Burundi. Kaka alibaki. Yeye ni miongoni mwa zaidi ya watu 160,000 waliokubaliwa uraia mwaka 2010. Mimi nilirudi. Tangu siku hiyo kaburi likawa la kaka, nami nikabaki na ngata.

"Kaburi ni hati ya shamba"

Tuliporudi tulikuta shamba la babu lina watu. Mzee mmoja alipewa shamba hilo miaka ya 1970, akaoa hapo, akazaa hapo, akapanda michikichi yake. Hatukumlaumu sana, kwa sababu hakutufukuza yeye. Mwaka 2009, mbele ya Bashingantahe na watu wa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, tulikubali kugawana nusu kwa nusu. Kona ya njia yenye mwembe ule wa mama iliangukia upande wake.

Nilipoanza kufikiria ukumbusho, mawazo ya kwanza yalikuwa ya kawaida. Msalaba wa saruji mbele ya nyumba, picha yake iliyokuzwa, labda kuhamisha mifupa. Kaka aliposikia habari ya mifupa aling'aka kwenye simu: "Dada, mama alihamishwa mara moja akiwa hai. Yatosha." Nikanyamaza. Na picha tuliyo nayo ni ile ndogo ya kitambulisho, sura imekunjamana, si mama tuliyemjua.

Ndipo siku moja, nikitoka sokoni na ndoo ya dagaa kichwani, nilimkuta mke wa yule mzee amesimama kwenye kona chini ya mwembe, dumu la mawese liko chini. Alikuwa akingoja mtu wa kumtwika. Lita 20 za mawese ni karibu kilo 18, na yeye ni mtu mzima. Nikatua ndoo yangu, nikamtwika. Kisha nikagundua kwamba sasa mimi ndiye sina wa kunitwika. Tukacheka wote wawili, naye akalazimika kutua tena.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Pale chini ya mwembe nilijua mama anahitaji nini: ukuta mfupi wa mawe wenye kimo cha bega, ambao mchuuzi anausogelea, anainamisha kichwa kidogo na kutelezesha mzigo juu yake. Akishapumzika anaingiza kichwa chini ya mzigo na kuondoka, bila kumwita mtu.

Nilikusanya mawe wiki mbili. Mzee akaja. Alisimama mbali, fimbo mkononi, akauliza kwa sauti ya chini: "Unajenga kaburi?" Nikamwambia hapana, ni ukumbusho wa mama. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, kaburi ni hati ya shamba. Leo utaweka jiwe, kesho wajukuu zako watasema mpaka ulikuwa hapa."

Nilikasirika usiku kucha. Lakini kulipokucha nilikubali moyoni kwamba hakusema uongo. Katika vilima vyetu, kesi ngapi za ardhi zimeamuliwa kwa kuonyesha kaburi la babu? Hofu yake ilikuwa na sababu, kama uchungu wangu ulivyokuwa na sababu.

Tukakaa mbele ya Bashingantahe. Mke wake ndiye aliyesema mengi, akaeleza habari ya dumu na ya kungoja. Mwishowe mzee alikubali ukuta ujengwe kwenye kona, upande wake wa shamba, kwa sharti moja: yasiandikwe maneno "alizaliwa hapa".

Ndugu msomaji, hayo ndiyo maneno niliyoyataka kuliko yote. Mtu aliyeitwa mkimbizi miaka 31, akafa akiitwa hivyo, nilitaka jiwe liseme alikuwa na kwao. Niliomba siku mbili za kufikiri. Nikampigia kaka simu. Alisema nikikubali nitakuwa nimemjengea mama ukumbusho wa mtu asiye na kwao. Tulikata simu bila kuagana vizuri.

Siku ya tatu nilikubali. Nilijiuliza mama angechagua lipi, maandishi yake au shingo ya mwanamke mwingine. Mama hakujua kusoma.

Jinsi tulivyojenga

Kwa faida ya wasomaji wanaoweza kutaka kufanya kama hivi, kazi yenyewe si ya gharama kubwa. Tulitumia mifuko mitatu ya saruji, mchanga wa ziwani uliooshwa kwa maji ya kisima ili kuondoa uchafu, na mawe ya kilimani. Fundi alichimba msingi hadi akafika udongo mgumu, akapanga mawe makubwa chini. Juu alimwaga zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, akalisawazisha kwa mwiko. Wiki nzima tulilimwagia maji asubuhi na jioni na kulifunika kwa majani ya migomba, kwa maana zege likikauka haraka hupasuka.

Kosa letu lilikuwa kimo. Mara ya kwanza fundi, ambaye ni mwanamume na hajabeba dumu kichwani maisha yake yote, aliujenga ufike kifuani. Wanawake watano niliowaita kujaribu walilazimika kupiga magoti nusu. Tukaongeza tabaka mbili za mawe, na pembeni tukaacha sehemu fupi kwa ajili ya wasichana. Ukitaka kumjengea mtu kitu cha kutumika, waite watakaokitumia kabla saruji haijakauka.

Zege la juu lilipoanza kushika, nilichukua ngata ya mama nikaikandamiza katikati kwa mikono miwili. Ilipotoka iliacha duara, hata misokoto ya kitambaa ikaonekana. Kando yake niliandika kwa msumari jina lake alilopewa na baba yake, si lile lililokosewa kwenye kadi ya kambi, kisha 1951–2003, na chini yake: Tua mzigo, pumzika. Zaidi ya hayo sikuandika.

Udongo katika kopo

Kaka alikuja. Sikumtegemea. Alivuka Manyovu na begi moja na kopo la maziwa ya unga lenye udongo wa kaburi la mama. Aliniambia ofisa mmoja mpakani alifungua kopo akauliza ni bidhaa gani. Kaka akajibu, "Ni mama." Ofisa akafunga kopo, akasema pole, akampisha.

Sherehe haikuwa kubwa. Kuganduka, yaani kumaliza msiba, tulikwisha kufanya Katumba mwaka 2004. Safari hii tulipika wali na dagaa, wazee wakasema maneno machache, kaka akamimina udongo chini ya ukuta na mzee mwenye shamba akaushindilia kwa mguu wake. Kaka alisoma maandishi, akayasoma tena, hakusema lolote. Kisha akaliweka begi lake juu ya ile alama ya ngata, akaegemea ukuta kwa muda mrefu.

Sisi wawili hatujaafikiana mpaka leo. Yeye bado anasema kuna neno limepungua.

Siku za soko huwa ninapita pale alfajiri. Mara nyingi nakuta madumu mawili au matatu yamepangwa juu ya ukuta, wanawake wamekaa kivulini wakihesabu faranga. Mwezi uliopita nilimsikia msichana mmoja, mgeni wa njia ile, akiuliza jina lililoandikwa ni la nani. Sikuwahi kufungua mdomo. Mke wa yule mzee, akiwa anafunga kitenge chake kiunoni, alimjibu:

"Ni mama mmoja alibeba mawese kwenye kilima hiki kabla yetu. Kwao ni hapa hapa."

Kisha akaingiza kichwa chini ya dumu lake, akasimama nalo peke yake, akaenda sokoni.