Corolla au Carina: Ipi Yaifaa Ahali ya Bukavu?

Swali analojiuliza mwenye nyumba hapa Bukavu, akisha kujinyima miaka kadha wa kadha hata akapata akiba ya kununulia gari la ahali yake, aghlabu ni hili: achukue Corolla au Carina? Zote mbili ni Toyota, zote zina milango minne na buti la mizigo nyuma, na kila moja ina mafundi waisifuo kwa kiapo. Kwa hiyo mnunuzi asiyekuwa na hadhari hukata shauri kwa rangi na bei, ilhali mambo yatakayomtaabisha au kumstarehesha siku za mbele hayaonekani katika rangi wala hayakuandikwa katika bei.

Corolla ilitokea Japani mwaka 1966, na Carina ikaifuata mwaka 1970, ikiwa kubwa kuliko nduguye kwa daraja moja. Tuyatwae yale ya miaka ya tisini, ambayo mtu wa mapato ya kadiri huweza kuyafikiria: Corolla ya namna ya AE110, iliyoundwa kwa Wajapani wenyewe, na Carina E, iliyoanza kutengenezwa Burnaston, Uingereza, mwezi wa Desemba 1992, kwa watu wa Ulaya. Hitilafu hii ya asili ndiyo niionayo kubwa kupita zote. Wajapani hupita kushoto, basi usukani wao uko kulia. Walakini Carina E zilizopelekwa Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani zina usukani kushoto, kama itakikanavyo Kongo, ambako twapita kulia. Dereva wa gari la Kijapani, akiwa nyuma ya lori katika njia ya Kavumu, huwa amekaa upande wa ukingo wa barabara, haoni mbele kitu ila mgongo wa lori, mpaka awe amekwisha kulitoa gari lake karibu lote katika njia ya wajao. Na mama aliyeketi kando yake, mtoto mchanga mkononi, afunguapo mlango hushukia upande wa katikati ya barabara, pikipiki zikipita. Mwenye watoto na alipime jambo hili kabla ya kuhesabu fedha.

La pili ni milima. Maji ya ziwa Kivu yapo kiasi cha mita 1,460 juu ya bahari, na nyumba zetu nyingi zimepanda zaidi. Na kwa kuwa hewa huzidi kuwa nyepesi kadiri mtu apandavyo, injini isiyokuwa na turbo hupoteza takriban sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100, hata hapa kwetu ikawa imekosa kama sehemu 15 katika mia kabla haijapakia mtu. Injini ya AE110 ina sentimita za ujazo 1,498. Ya Carina E ina 1,587, na kuna iliyo na 1,762. Nami nasema kwa yakini ya moyo wangu kwamba Carina ya 1,587 haina ubora mkubwa juu ya Corolla katika mwinuko wa Kadutu, maana uzito wake huila ile faida. Ile ya 1,762 ndiyo ipandayo kwa raha, na ujira wake hulipwa kwa esansi.

Ama nafasi, Carina huishinda nduguye waziwazi. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ina milimita 2,580, na Corolla 2,465. Zile milimita 115, ambazo ni upana wa kiganja na zaidi, bibi mwenye maumivu ya magoti huzitambua mara aketipo nyuma. Lakini urefu huo huo hulifanya tumbo la gari likwaruze katika vijia vyenye matuta na makorongo, ambapo Corolla hupita salama. Kwa hiyo akaaye Nguba au Muhumba, karibu na lami, ningemshauri Carina ya Ulaya. Na akaaye juu Cimpunda, Corolla, maadamu aujue vema upungufu wa ule usukani.

Injini zote hizi ni za nasaba moja, na valvu zao huendeshwa kwa mkanda wa mpira, ambao hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Ukikatika, injini huzimika pasipo valvu kugongana na pistoni; lakini kuzimika usiku katika miteremko ya Ngomo, watoto wamo ndani, si jambo jepesi.

Msomaji mpenzi, dalali, ambaye sisi twamwita komisyoneri, asikuchagulie njia ya kulijaribia gari. Wapakie watu wa nyumbani kwako, upande nao mlima. Kisha isome namba ya shasisi: Carina iliyozaliwa Burnaston huanza kwa SB1. Kuna magari ambayo usukani wake umehamishwa na mafundi kutoka kulia kwenda kushoto, nayo huenda yakajulikana kwa waipa, ambazo husafisha vema upande usiokuwa na dereva na kumwachia yeye kipande cha kioo chenye maji. Na katika mji unyeshewao tangu Septemba hata Mei, kipande hicho si kidogo. Chukua tochi, uiname chini ya dashibodi, uangalie bati la mbele upande wa kulia, ulikokuwa usukani wa asili, kama lina tundu lililozibwa kwa kulehemu.