Kamera mpya: Hesabu kwanza, dukani baadaye
Mpiga picha aliyeanza kazi na Canon EOS 300D, kamera iliyoingia sokoni mwaka 2003 ikiwa na megapikseli 6.3, leo huona aibu jirani yake anapotaja megapikseli 24. Aibu hiyo imewamalizia mtaji wengi.

Picha ya inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi, huhitaji megapikseli 2.2 tu. Ya pasipoti huhitaji chini ya hapo. Mteja wa kitambulisho hataongeza hata senti kwa sababu kamera ni mpya.

Ukumbini mambo ni mengine. Harusi nyingi za vijijini husubiri mavuno, watu wakiwa na fedha, na sherehe huwa usiku chini ya taa hafifu. Hapo kamera kuukuu hutoa chenga, nayo mpya hufanya vizuri zaidi.

Basi zihesabiwe kazi za nyongeza tu, zile zinazokataliwa kwa ajili ya giza. Tuseme kamera ni sh. 1,500,000 na ya zamani inauzika sh. 150,000. Kila harusi ikiacha sh. 90,000 baada ya nauli, uchapaji na msaidizi, zinatakiwa harusi 15. Anayekosa tatu kwa mwaka atasubiri miaka mitano kurudisha fedha yake.

Mtu huyo angeanza na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8. Huingiza mwanga mwingi kuliko lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, bei yake ni ndogo mno kuliko ya kamera mpya, na akibaki na mfumo ule ule, ataihamishia kwenye kamera atakayonunua baadaye.