Mota ya mashua inayokataa kuwaka

Huko Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, wavuvi wengi hutumia mota. Siku nyingine mota inawaka mara moja. Siku nyingine mvuvi anavuta kamba mpaka mkono unachoka, na upepo unausukuma mtumbwi kwenye mawe. Afanye nini?

Mota yataka vitu vitatu: esanse, hewa na cheche. Cheche hutoka katika buji. Fundi mwenye akili haendelei kuvuta kamba. Anafungua buji na kuitazama.

Je, buji ni kavu? Basi esanse haifiki. Anatazama kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupitisha hewa. Likizibwa, mota inakwenda kidogo, halafu inazimika. Ikipumzika, inawaka tena. Kitundu hicho kimedanganya wengi!

Je, buji imelowa? Esanse inafika, lakini pengine cheche ni dhaifu. Anaikausha na kuisugua masizi, mbali na sigara na moto wowote, maana mvuke wa esanse huwaka upesi.

Pengine esanse imeingiwa na maji. Maji ni mazito kuliko esanse, hukaa chini ya tangi. Mawimbi yakitikisa mtumbwi, yanaingia katika mrija. Fundi anamimina esanse kidogo katika chupa ya kioo, anangoja, na maji yanaonekana chini.