Pikipiki Mtaani (3): Moshi uko kwenye tairi, hasara iko ndani ya injini

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulifuata safari ya nguvu kutoka kwenye pistoni hadi gurudumu la nyuma. Leo tutazame yanayoipata njia hiyo yote pale mwendeshaji anapokaza breki ya mbele, akavuta mafuta hadi mwisho, na kuliacha tairi la nyuma lizunguke papo hapo mpaka lifuke moshi. Watoto wa Eastleigh, Nairobi, hulishuhudia jambo hili mapema: wanabodaboda wanapomsindikiza mwenzao aliyefariki, msafara wa harusi unapopita, au jioni tu ambapo First Avenue imepumua kidogo na watazamaji wapo. Katika mazishi hasa, kuchoma tairi ni namna ya kulia. Simlaumu anayemlilia rafiki yake. Nataka ajue pikipiki yake inaumia wapi, maana sehemu kubwa ya hasara haiko pale anapodhani.

Mtu akiona alama nyeusi kwenye lami husema tairi limeisha. Ni kweli. Lakini katika vyote vilivyoumia dakika ile, tairi ndilo pekee linaloonekana.

Tuanze na nguvu yenyewe. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250, mwishoni mwa miaka ya 2000, mitaa ya Eastlands imejaa pikipiki za silinda moja, cc 100 hadi 150, zinazopozwa kwa upepo. Bajaj Boxer ya cc 150 hutoa nguvu za farasi 12 hivi kwa hesabu ya kiwandani. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 au zaidi. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo pale Section Three, Eastleigh, pikipiki hiyo imebaki na farasi 10.

Farasi 10 ni kama wati 7,500. Pikipiki inapotembea, nguvu hiyo hubeba mzigo na kupambana na upepo. Ikisimama huku gurudumu linazunguka, hakuna inachosukuma, na yote hugeuka joto. Ni sawa na kuwasha pasi saba za umeme kwa mpigo na kuzikandamiza kwenye tairi na klachi.

Pikipiki kubwa za mashindano, zenye farasi 100 na zaidi, huzungusha tairi bila kujikaza, kwa sababu nguvu yake inazidi mno mshiko wa raba. Boxer haina ziada hiyo. Hata kwenye gia ya kwanza, msukumo unaofika chini hauzidi sana mshiko wa tairi kwenye lami kavu. Ndiyo maana kijana huinama mpaka kifua kiguse tangi, apunguze uzito wa nyuma. Ndiyo maana hutafuta mahali palipomwagika maji ya mtaro au palipojaa mchanga. Na hayo yasipotosha, huipandisha injini mizunguko huku ameshika klachi, kisha huiachia ghafla ili tairi ling'oke kwa kishindo. Likikataa, huishikilia klachi nusunusu, na hapo ndipo uharibifu mkubwa unapoanzia.

Klachi ya pikipiki hizi ni rundo la pleti: moja ya chuma kitupu, nyingine yenye utando wa kushika, tena ya chuma, na kuendelea hivyo, zote zikibanwa pamoja na springi. Unapoondoka kwenye stendi huteleza kidogo kwa sekunde moja au mbili, na joto lake linabebeka. Zikitelezeshwa kwa sekunde ishirini huku injini inanguruma hadi mwisho, utando huungua na kuanza kung'aa, na utando uliong'aa haushiki tena. Pleti za chuma hugeuka rangi ya buluu na kupinda. Kesho yake mwendeshaji hatambui chochote kwenye barabara tambarare. Atatambua akiwa na abiria wawili akipanda kutoka Pangani kuelekea Muthaiga: injini inalia juu, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inapanda kutoka miguuni.

Kama hasara ingeishia kwenye klachi, nisingeandika makala nzima. Pleti huuzwa, fundi hufungua kifuniko cha upande, na kazi huisha siku hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba klachi hii inaogelea ndani ya oili, na oili hiyo ndiyo hiyo hiyo inayolainisha pistoni, gia, na kamshafti iliyo juu kabisa kwenye kichwa cha silinda. Katika magari mengi ya gia za mkono, klachi hukaa pakavu na gia zina oili yake peke yake. Pikipiki ina oili moja kwa kazi zote, na kiasi chenyewe ni lita moja hivi. Unga wa utando ulioungua hauna pa kwenda isipokuwa humo. Pampu huuzungusha pamoja na oili. Sehemu yake hunaswa kwenye chujio na kuanza kuliziba, iliyobaki huendelea kusaga kila inapopita. Wakati huo huo oili imepata joto kupita kiasi na kuwa nyepesi, haiwezi tena kutenganisha chuma na chuma. Kamshafti, inayopokea oili baada ya safari ndefu, ndiyo huanza kulalamika. Ule mlio wa tik-tik asubuhi, ambao wengi hukimbilia kuurekebisha kwa kukaza valvu, mara nyingi chanzo chake ni oili iliyoungua wiki kadhaa nyuma.

Halafu kuna upepo, au tuseme ukosefu wake. Mapezi ya alumini yanayoizunguka silinda hupoa kwa hewa inayopita pikipiki ikienda. Pikipiki iliyosimama haipati hewa hiyo, na wakati wa kuchoma tairi injini inazalisha joto kubwa kabisa huku ikiwa haina cha kulipoza. Pistoni ni ya alumini, na ukuta wa silinda kwa kawaida ni wa chuma cha kusubu. Kwa joto lile lile, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Nafasi nyembamba iliyoachwa kati yao hupungua, oili iliyopo imeshakuwa nyepesi, na pistoni huanza kukwaruza ukuta. Ikizidi, injini hufunga palepale. Isipofunga, mikwaruzo hubaki, oili hupanda hadi kwenye chumba cha moto, na moshi wa buluu huanza kutoka kwenye ekzosi. Hapo safari ni ya Kirinyaga Road, ambako wazee bado husema Grogan, kuchonga silinda na kutia pistoni iliyozidi kwa robo milimita au nusu. Silinda haichongwi bila kikomo.

Tairi lenyewe nitalipitia upesi. Raba hupata uimara wake kutokana na salfa inayounganisha nyuzi zake kwa joto, ugunduzi wa Charles Goodyear wa mwaka 1839. Joto likipanda kupita nyuzi 200, viungo hivyo huanza kukatika, na kinachobaki ni utomvu unaonata chini. Chini ya raba kuna nyuzi za nailoni, na zikidhoofika tairi linaweza kupasuka siku nyingine kabisa, pikipiki ikiwa na mama na mtoto kwenye Juja Road. Tena matairi mengi ya bodaboda yana tyubu. Upepo ukiwa mdogo, tairi huteleza juu ya ringi, huivuta tyubu, na valvu hukatwa shinani.

Raba ndogo zilizomo ndani ya habu ya nyuma, zinazomeza mshtuko wa cheni, hupondeka kila klachi inapoachiwa ghafla. Zikishakwisha, mshtuko wote huhamia kwenye cheni na meno ya sproketi. Cheni ikikatika kwa kasi ile inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele na kuvunja ganda la injini. Breki ya mbele, kinyume na wasemavyo wengi, haiungui: gurudumu la mbele halizunguki, kwa hiyo hakuna msuguano ndani ya dramu. Waya wake tu ndio unaonyooka.

Kinachoniuma ni nani anayelipa. Pikipiki moja ya Eastleigh mara nyingi ina mwendeshaji wa mchana, mwingine wa usiku, na mwenye mali ambaye huenda bado anailipia mkopo kila siku. Aliyechoma tairi Jumamosi si lazima awe ndiye atakayekuwa juu yake injini itakapofunga.

Kwa hiyo ukikabidhiwa au ukitaka kununua pikipiki iliyotumika, usiangalie tairi. Huenda ni jipya kwa sababu hiyo hiyo. Omba oili imwagwe mbele yako. Ikiwa nyeusi, ina harufu ya kuungua na vipande vinavyometa, fungua kifuniko cha klachi kabla ya kutoa hata shilingi. Shika gurudumu la nyuma ulizungushe mbele na nyuma huku gia imeingia: likicheza sana ilhali sproketi ya nyuma haijasogea, raba za habu zimekwisha. Kisha iendeshe kwenye mlima, gia ya juu, uvute mafuta ghafla, usikilize kama mlio unaupita mwendo. Na kama ni wewe uliyechoma tairi jana makaburini, mwaga oili hiyo leo, safisha chujio, utie mpya kabla hujambeba abiria wa kwanza.

Itaendelea.