Waliruka kwenye moto, hakuna aliyewapigia makofi

Kila ilipofika saa 10 jioni, askari weupe waliokuwa wakijifunza kuruka kwa miavuli katika kambi ya Fort Benning, jimbo la Georgia nchini Marekani, walimaliza mazoezi yao na kuondoka. Uwanja ukabaki mtupu.

Hapo ndipo walinzi wa chuo hicho, wote wakiwa askari weusi, walipoingia. Wakaanza kukimbia, kupiga pushapu na kuruka kutoka juu, wakiiga kila walichowaona wenzao wakikifanya mchana. Hakuna aliyewaamuru. Hawakuwa wanafunzi wa chuo. Kazi waliyopewa na jeshi ilikuwa lindo tu.

Ilikuwa mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto. Aliyewaongoza vijana hao ni sajenti wao, Walter Morris, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya uashi kabla ya kuingia jeshini.

Morris alikuwa na sababu. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyatoa miaka mingi baadaye, askari weusi wa kambi ile walikatazwa kuingia kwenye kantini ya askari weupe. Lakini mateka wa kivita, Wajerumani na Wataliano, waliruhusiwa kuingia na kununua sigara. Yaani adui aliyekamatwa alithaminiwa kuliko askari wa nchi yenyewe.

Kilichomuumiza zaidi Morris ni kuona vijana wake wanaanza kuamini kwamba kweli wao ni duni. Sheria za kambi hakuwa na uwezo wa kuzibadili. Akaamua kubadili kile alichokiweza, yaani namna vijana wake walivyojiona wenyewe.

Mzazi ambaye mtoto wake amewahi kurudi nyumbani amenyong'onyea, kwa sababu amedharauliwa na wenzake au na mtu mzima, anaijua vizuri hali hiyo.

Jenerali awaona

Siku moja mkuu wa chuo, Jenerali Ridgely Gaither, alipita uwanjani na kuwaona walinzi wakifanya mazoezi kwa nidhamu ya hali ya juu. Akataka kujua ni akina nani, kisha akamwita Morris ofisini kwake.

Morris alikwenda akidhani anakwenda kuadhibiwa. Badala yake aliambiwa kwamba jeshi linaunda kikosi cha majaribio cha askari weusi wa miavuli, na yeye atakuwa sajenti mkuu wake. Hadi wakati huo, hakuna mwanajeshi mweusi wa Marekani aliyekuwa amepewa nafasi hiyo.

Walianza askari 20 wa kujitolea. Wapo askari weupe waliosema wazi kwamba mtu mweusi hatathubutu kuruka kutoka kwenye ndege. Mapema mwaka 1944 wa kwanza wao walihitimu na kuvikwa beji ya mabawa, baada ya kuruka kama mwingine yeyote.

Kikosi kilikua na kuwa Batalioni ya 555, ambayo hadi maofisa wake walikuwa weusi, jambo la nadra katika jeshi la wakati ule. Wenyewe walijiita "Triple Nickles", yaani senti tano tatu, kwa sababu ya zile tarakimu tatu za namba yao.

Puto msituni

Mwaka 1945 walipopata amri ya kusafiri kuelekea magharibi mwa Marekani, wengi waliamini kwamba hatimaye wanapelekwa vitani. Walipofika katika kituo cha Pendleton, jimbo la Oregon, waliambiwa kwamba adui yao ni moto wa misitu. Pia waliambiwa kazi hiyo ni siri.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945, Japani ilirusha maputo zaidi ya 9,000 yaliyobeba mabomu, yakipeperushwa na upepo mkali wa juu sana angani hadi upande wa pili wa Bahari ya Pasifiki. Lengo lilikuwa kuwatia hofu raia wa Marekani na kuchoma misitu yao. Serikali ya Marekani ilivitaka vyombo vya habari vinyamaze, ili Japani isijue kama maputo yanafika.

Ukimya huo ulikuwa na gharama yake. Mei 5, 1945, mchungaji mmoja wa mji mdogo wa Bly, Oregon, aliwapeleka watoto wa shule ya Jumapili kutembea msituni pamoja na mkewe, Elsie Mitchell, aliyekuwa mjamzito. Wakati mchungaji akishughulika na gari, mama na watoto waliona kitu cha ajabu kimelala chini. Kikalipuka. Elsie, mwenye umri wa miaka 26, alifariki dunia pamoja na watoto watano wa kati ya miaka 11 na 14. Hao ndio watu pekee waliouawa na shambulio la adui katika ardhi ya bara ya Marekani katika vita ile.

Mwezi huohuo, vijana wa Batalioni ya 555 walikuwa wakianza kazi katika jimbo hilohilo.

Kuruka juu ya miti

Askari wa mwavuli hufundishwa kuikwepa miti. Vijana hawa walilazimika kujifunza kuilenga, kwa sababu mara nyingi mti ulikuwa salama kuliko majabali na magogo yaliyokuwa chini. Walivaa kofia ngumu zenye wavu wa chuma mbele ya uso, na kila mmoja alibeba kamba ndefu ya kujishushia mwavuli unapokwama matawini. Walifundishwa pia kuzima moto wa msituni na kutegua mabomu.

Wakishatua, hawakuwa na gari la maji. Silaha zao zilikuwa majembe, mashoka na misumeno, wakikata miti na kuchimba ardhi ili moto ukose cha kula. Kisha walitembea kwa miguu kutoka msituni, wakiwa na mizigo yao.

Katika msimu huo mmoja walipambana na mioto 36 na kuruka zaidi ya mara 1,200. Maputo mengi yalikuwa yamefika wakati wa mvua na theluji, hivyo mioto mingi waliyoikuta ilitokana na radi na sababu nyingine za kawaida. Lakini kwa anayeruka kuingia kwenye moshi, chanzo cha moto hakipunguzi hatari.

Agosti 6, 1945, askari wa huduma ya kwanza wa kikosi hicho, Malvin Brown, aliruka na wenzake katika msitu wa Umpqua, kusini mwa Oregon. Mwavuli wake ulinasa kwenye mti mrefu kuliko kamba aliyobeba. Alipojaribu kushuka, alianguka na kufa. Yeye ndiye wa kwanza kufa kati ya wazimamoto wa Marekani wanaoruka kwa miavuli kwenda kuzima mioto ya misitu.

Siku hiyo hiyo bomu la nyuklia liliangushwa Hiroshima. Dunia nzima ikageukia huko.

Kwa nini walisahauliwa

Kwanza, kazi yao ilikuwa ya siri. Pili, walipigana na moto, na vitabu vingi vya vita havihesabu moto kuwa ni adui. Tatu, walikuwa weusi katika nchi iliyowatenga weusi. Walikuwa wakilinda misitu ya Oregon, lakini walipoingia mjini Pendleton milango mingi ya migahawa na baa ilifungwa mbele yao.

Januari 1946, Jenerali James Gavin wa Divisheni ya 82 alihakikisha wanatembea pamoja na askari wake katika gwaride la ushindi jijini New York. Desemba 1947 waliunganishwa rasmi na divisheni hiyo, miezi kadhaa kabla ya Rais Harry Truman kutoa amri ya kukomesha ubaguzi katika majeshi ya Marekani, Julai 1948.

Baada ya hapo wengi walirudi kwenye maisha ya kawaida. Morris alirudi kwenye uashi. Heshima katika makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, Pentagon, iliwafikia mwaka 2010, wakati wengi wao walikuwa wameshazikwa. Morris aliiona. Alifariki dunia mwaka 2013 akiwa na miaka 92.

Cha kuzungumza na mtoto

Habari hii ina mambo matatu ambayo mzazi anaweza kuyachukua.

La kwanza ni namna ya kumwinua mtoto aliyedharauliwa. Morris hakuishia kuwaambia vijana wake kwamba wao ni bora. Aliwapa jambo gumu la kufanya, akalifanya pamoja nao, mpaka wakajionea wenyewe. Mtoto anayeitwa mzito wa hesabu hapati nguvu kwa kusifiwa tu. Anapata nguvu siku anapolipata jibu mwenyewe, mzazi akiwa ameketi pembeni yake. Hata hivyo, dhuluma ibaki kuitwa dhuluma. Kama mtoto anaonewa shuleni, mazoezi ya nyumbani hayaondoi wajibu wa mzazi kwenda kuzungumza na walimu.

La pili ni kutofundisha chuki. Maputo yale yalitengenezwa kwa karatasi, na wengi wa waliozibandika karatasi hizo walikuwa wasichana wa shule nchini Japani. Katika miaka ya 1980, baadhi yao, wakiwa watu wazima, walitambua nini kilitokea Bly. Wakakunja ndege 1,000 wa karatasi, ishara ya amani kwa Wajapani, wakawapelekea familia zilizopoteza watoto. Mtoto akiyasikia yote mawili, anaelewa kwamba vita huwatumia watoto wa pande zote.

La tatu liko karibu zaidi. Familia nyingi za Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi zina babu au babu mkuu aliyechukuliwa na jeshi la mkoloni, Keya, akapelekwa kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Wengine walirudi na medali iliyowekwa kabatini, wengine hawakurudi kabisa. Wajukuu wengi hawajui hata jina la mahali alipopigana.

Na si askari peke yao. Kuna bibi aliyelea watoto wa ndugu zake, na kaka mkubwa aliyeacha shule ili wadogo zake wasome. Nao waliruka kwenye moto, na hakuna aliyewapigia makofi.

Jumapili hii, mkiwa mezani, waulizeni watoto swali moja: katika familia yetu, nani alifanya kazi kubwa na hakuna aliyemshukuru? Kama mtu huyo bado yupo hai, msiishie kumtaja. Mpigieni simu.