Mchagua Jembe Naye ni Mkulima: Uteuzi wa Zana za Kuandikia Programu za Maikrokontrola Kisii na Nyamira

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humsuta mvivu anayegeuzageuza majembe dukani ilhali mvua imekwisha kunyesha. Hata hivyo, zipo kazi ambazo kuchagua chombo ni sehemu ya kulima kwenyewe. Huko Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, mchongaji wa mawe ya sabuni hategemei chombo kimoja. Hulipunguza jiwe kwa panga, hulitia umbo kwa tezo ndogo na kisu, kisha hulisugua kwa msasa na maji. Akishika panga mahali panapohitaji kisu, jiwe hupasuka na kazi yote hupotea.

Mwanafunzi wa elektroniki anayetaka kuandikia maikrokontrola programu hukabiliwa na uteuzi wa aina hiyo hiyo. Makala haya yanaeleza zana zenyewe na vigezo vya kuziteua. Hoja kuu ni kwamba zana bora si ile yenye nguvu nyingi, bali ni ile inayomwezesha mwandishi wa programu kuliona kosa kabla halijamfikia mtu mwingine.

Maikrokontrola na kazi yake

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyokusanywa ndani ya chipu moja. Ina sehemu ya kufanyia hesabu, kumbukumbu ya kuhifadhia programu, kumbukumbu ya kazi, na miguu ya kupokea habari kutoka nje na kutoa amri. Haina kiwambo kikubwa wala kibodi. Hufichwa ndani ya chombo kingine na kufanya kazi moja tu siku zote.

Mfano wa karibu ni mizani ya kielektroniki ya kupimia majani chai. Wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda kama Sanganyi, Kebirigo na Tombe huko Nyamira, au Kiamokama na Nyamache huko Kisii, hulipwa kwa kilo. Namba inayoonekana kwenye kioo cha mizani ndiyo karo ya mtoto na unga wa nyumbani. Kwa hiyo anayeandika programu ya mizani hushughulikia zaidi ya nyaya na umeme; hushughulikia haki ya mtu ambaye hana njia ya kuchungulia ndani ya chipu.

Mfasiri na mkalimani

Chipu haielewi lugha ya programu anayoiandika binadamu. Inaelewa amri za namba peke yake. Pana njia mbili za kuvuka pengo hilo, nazo si ngeni kwa wanafunzi wa taaluma ya tafsiri.

Njia ya kwanza ni ya mfasiri. Mwandishi huandika programu yake, mara nyingi kwa lugha ya C iliyoundwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kisha programu iitwayo kompaila huifasiri kazi nzima kwenye kompyuta ya mezani, na tafsiri iliyokamilika ndiyo inayopelekwa katika chipu. Mfasiri mwenyewe hubaki nje. Kwa sababu hiyo chipu ndogo hutosha: bodi ya Arduino Uno, iliyotolewa mwaka 2010, ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi.

Njia ya pili ni ya mkalimani. Katika MicroPython, iliyoanzishwa na Damien George mwaka 2013, mkalimani huishi ndani ya chipu na kushughulikia amri papo hapo programu inapoendeshwa. Mwanafunzi huandika mstari mmoja na kuona jibu mara moja. Lakini mkalimani anahitaji mahali pa kulala: yapata kilobaiti 256 za kuhifadhia programu na kilobaiti 16 za kumbukumbu ya kazi. Hawezi kuingia katika Uno. Huingia kwa urahisi katika Raspberry Pi Pico, iliyotolewa mwaka 2021 kwa bei ya dola 4 za Marekani, yenye kilobaiti 264 za kumbukumbu ya kazi.

Kosa lisiloonekana

Umuhimu wa uteuzi huu hudhihirika katika mfano ufuatao. Mwanafunzi ameamua mizani yake ihesabu uzito kwa gramu, na katika lugha ya C ametumia aina ya kawaida ya namba kamili. Katika Uno, namba ya aina hiyo hupewa biti 16, na kikomo chake cha juu ni 32,767. Anajaribu mizani kwa kilo 5, kisha kwa kilo 20, na majibu yote ni sahihi. Lakini mkulima akileta kilo 35, yaani gramu 35,000, chombo hicho cha namba hufurika, na mizani husoma hasi 30,536.

Programu iyo hiyo ikipelekwa katika Pico haitakosea, kwa kuwa huko namba ya aina hiyo ina biti 32 na hufika zaidi ya bilioni 2. Katika MicroPython, namba kamili hujipanua yenyewe kadiri inavyohitajika. Si kwamba Uno ni mbaya. Kompaila yake inayo namba pana pia, ila mwandishi hana budi kuiomba. Aidha, GCC, kompaila huria iliyotolewa kwanza mwaka 1987 na ambayo Arduino huitumia kwa bodi hiyo, inaweza kuagizwa itoe onyo kila namba pana inapotiwa katika chombo chembamba. Onyo hilo halitoki lisipoombwa. Zana iliyonyamazishwa ni sawa na shahidi aliyezibwa mdomo.

Vigezo vya uteuzi

Kutokana na hayo, vigezo vinne vinafaa kuzingatiwa.

Kwanza, kazi itangulie chipu. Apimaye uzito mara chache kwa sekunde hahitaji chipu ya kasi kubwa.

Pili, pawepo njia ya kuchungulia. Njia nyepesi ni kuiagiza chipu itume namba zake kwenye kompyuta kupitia waya. Njia pana zaidi ni kutumia kichunguzi kinachoisimamisha programu katikati na kuonyesha yaliyomo katika kumbukumbu. Pico moja inaweza kufanywa kichunguzi cha nyingine, hivyo gharama hubaki ndogo.

Tatu, zana ifanye kazi pasipo intaneti. Zana inayotegemea mtandao kwa kila hatua humwacha mwanafunzi mikono mitupu mtandao unapokatika.

Nne, afikiriwe fundi atakayebaki na chombo. Chipu isiyopatikana madukani, au programu ambayo leseni yake imekwisha, hukigeuza chombo kizima kuwa takataka.

Nafasi ya Kiswahili

Kigezo hicho cha nne kinamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kiswahili. Lugha za programu huruhusu maelezo kwa binadamu, ambayo kompaila huyaruka bila kuyasoma. Hakuna kinachozuia maelezo hayo kuandikwa kwa Kiswahili. Isitoshe, kwa kuwa hati ya Kiswahili hutumia herufi za Kilatini zisizo na alama za juu wala za chini, majina kama uzito, jumla na kikomo hukubalika ndani ya programu yenyewe. Fundi wa Keroka au Ogembo akiyakuta, atajua mara moja ni wapi pa kutafuta kosa.

Hitimisho

Methali ya wahenga haijabatilika: anayechagua bila kulima bado si mkulima. Ila anayelima kwa niaba ya wengine, kama mwandishi wa programu ya mizani, hana budi kulikagua jembe lake kwanza. Asipolikagua yeye, atakayelipia kasoro yake ni mkulima aliyeamka alfajiri kuchuma majani.